Friji Lenye Homa

Chumba cha kulala kilitwaliwa bila fidia. Asubuhi kilikuwa chumba cha mume na mke kama vyumba vya watu wengine. Kufika adhuhuri kilikuwa kituo cha utafiti. Mke aliporudi kutoka kazini alikuta kipande cha boksi kimebandikwa mlangoni, kimeandikwa kwa herufi zinazopiga kelele: MAABARA. USIINGIE BILA RUHUSA YA MENEJA. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa. Mahali pake palilala friji bovu, chali, mlango ukitazama dari. Katika uhai wake friji hilo halikuwahi kugandisha hata maji ya kunywa, na sasa, uzeeni, lilitakiwa litoe joto.

Meneja mwenyewe alikuwa amepiga magoti kando yake, bisibisi mdomoni. Alikuwa ametoboa matundu ya hewa ubavuni, akafunga balbu ndani, akafunga na kifeni alichokinyofoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaweka bakuli la maji lenye sponji. Kwenye mlango wa friji alikata dirisha, na dirishani akatia kioo. Kioo chenyewe mke alikitambua kabla hajauliza. Aligeuka kutazama ukuta wa sebuleni. Picha yao ya harusi ilikuwa pale pale, lakini uchi, bwana na bibi harusi wakipigwa vumbi la uso.

"Kioo kilikuwa hakina kazi," Meneja alisema, akitoa bisibisi mdomoni.

"Kilikuwa kinatulinda sisi."

"Sasa kitalinda kuku."

Jina hili la Meneja lina historia fupi na ya kusikitisha, kwa hiyo tuipite haraka. Alikuwa msimamizi wa ghala katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kikampunguza. Ndilo neno walilotumia wenyewe, kupunguza, kana kwamba mtu ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Cheo kilibaki kiwandani, jina likarudi naye nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anasimamia watoto watatu, ndoo nne na mke ambaye hakuwa na habari kwamba anasimamiwa.

Mke alikuwa na meza. Kila asubuhi aliibeba pamoja na jiko na kikaango hadi kwenye lango la kiwanda kilekile, akawauzia chai na mayai ya kukaanga watu walewale waliokuwa wakivua kofia mumewe akipita. Meneja hakuwahi kulikaribia lango lile tena. Akiwa na shughuli upande wa pili wa kiwanda, alizunguka kwa nyuma, kwenye mfereji wa maji machafu, akijiambia kwamba kutembea kunajenga afya.

Mayai ya meza yalitoka kwa kuku wa mke, waliofugwa uani. Sasa yote yalikuwa ndani ya friji, yamechorwa alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili anayeyageuza asipotee. Mezani ilibaki chai na mkate.

"Mama watoto, fikiri mbele," alisema Meneja, na mke akajua hotuba imeanza. "Yai likikaangwa, limekwisha. Likianguliwa, ni kuku. Kuku ni mayai, mayai ni kuku..."

"Na wateja wangu wale nini wakati huo mduara unazunguka?"

"Mkate."

"Mkate wanao kwao, baba watoto. Leo wameniuliza mayai yako wapi."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia yako masomoni."

*

Habari ya friji linalotaga haikuchukua muda kufika kwa fundi cherehani wa nyumba ya jirani, mtu ambaye mkasi wake ulikuwa butu lakini ulimi haukuwa na shida hiyo. Alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Meneja, tufundishe sisi tuliosoma chini ya meza. Hili sanduku linajuaje kwamba yai lina baridi?"

Hapo Meneja alichanua. Tangu apunguzwe, hakuna aliyemwomba afundishe kitu. Alifungua mlango wa maabara, akamruhusu fundi aingie, na mke naye akaruhusiwa kusimama kizingitini.

"Mambo ni mawili tu, joto na unyevu. Joto likizidi, kifaranga kinaiva. Likipungua, kinadumaa, kinachelewa, kinakata tamaa. Unyevu nao ni hivyohivyo. Yai linapumua, ndugu yangu. Hewa ikiwa kavu, utando wa ndani unakauka, kifaranga kinanasa humo kama mtu aliyevaa shati bichi likamkaukia mwilini. Hewa ikijaa maji mno, kinazama kabla hakijaona jua."

"Na joto unalipima kwa mkono?"

Meneja alicheka kwa huruma. Akaonyesha kupitia kioo cha harusi. Kati ya mayai kulikuwa na kipimajoto cha homa, kile cha kioo chenye uzi wa zebaki, alichokitoa kwenye kopo la dawa za watoto.

"Thelathini na saba na nukta nane. Siku ya kwanza balbu ilikuwa kubwa, likapanda hadi hapo. Nikatia balbu ndogo ili lisivuke. Tangu siku hiyo halijapanda, halijashuka. Asubuhi thelathini na saba na nukta nane, jioni thelathini na saba na nukta nane. Askari wa gwaride hasimami hivyo."

Mke alikunja uso. "Na juzi umeme ulipokatika mpaka alfajiri?"

"Hilohilo."

"Na baridi ile?"

"Mama watoto, ndiyo maana kitu hiki kinaitwa utaalamu. Halikutikisika hata kidogo."

Mke alifungua mdomo aseme neno, akaweka mguu mmoja ndani. Meneja akanyoosha kidole kwenye boksi la mlangoni. Mguu ukarudi. Neno nalo likarudi lilikotoka, na tutajuta sote kwamba halikutoka siku ile.

"Mimi sina utaalamu," mke alisema. "Mimi nina meza, na meza inakufa. Mama wa uji ameshasogeza benchi lake mpaka kwenye kivuli changu. Nikikaa hivi bila mayai, hapo langoni nitarudi kama mgeni."

"Yataangua."

"Yasipoangua?"

Hapa ndipo mtu mwenye busara angesema, "Mungu mkubwa," akabadilisha mazungumzo. Lakini fundi alikuwa anatazama, na Meneja hakuwahi kumudu kutazamwa.

"Yasipoangua siku yake, mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nitavaa aproni nikasimame langoni nishike kikaango!"

Hata kifeni kilionekana kusita.

"Fundi, umesikia?" mke aliuliza taratibu.

"Shemeji, nimesikia kwa masikio yote mawili, na moja lilikuwa bovu limepona hapahapa." Fundi alivuta futi yake shingoni. "Meneja, simama wima kidogo. Aproni unaipenda yenye mifuko?"

*

Siku zikaenda. Meneja aliyageuza mayai kwa saa maalumu, akanyamazisha watoto wakikohoa karibu na mlango, akapiga marufuku pasi kwa kuwa pasi hunyonya umeme. Familia ilivaa makunyanzi kwa ajili ya sayansi. Mtu akiumwa kichwa, mke alimgusa paji la uso kwa kiganja, kwa sababu kipimo kilikuwa kazini.

Ilipobaki siku moja mayai yatimize ishirini na moja, Meneja alikuwa ameshaalika watu. Alimwalika fundi, akaalika majirani, na kupitia kwa fundi akamwalika hata Kuli Mkuu wa kiwanda, jitu la mabega mapana ambalo enzi zile lilikuwa likimwita "mzee" kabla ya kila sentensi na baada yake.

Asubuhi hiyo Kitinda, binti yao wa mwisho, aliamka mzito, macho mekundu, hataki hata chai.

"Mtoto ana moto," mke alisema, meza ikiwa tayari kichwani. "Ningebaki, lakini nikikosa leo mama wa uji atapika juu ya kaburi langu. Mpime. Joto likizidi thelathini na nane na nusu, mpe dawa ya kabatini, umfute kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, umnyweshe maji mengi. Umesikia, baba watoto? Maji."

"Mama watoto, unamfundisha nani mambo ya joto?"

Alichomoa kipimo kwenye friji, upesi, hewa isibadilike. Kilisoma thelathini na saba na nukta nane, kama kawaida yake, kama kasuku. Akakitia kwapani mwa mtoto.

"Baridi!" mtoto akaruka.

"Siyo baridi. Hicho kimetoka kwenye joto kamili."

"Baridi, baba!"

"Usibishane na kipimo. Bana."

Akabana. Baada ya muda Meneja akakitoa, akakisogeza dirishani. Thelathini na tisa na nukta nne. Alimpenda yule mtoto, asije mtu akadhani vinginevyo. Ni vile tu kwamba kazi hii ilikuwa mpya kwake. Akampa dawa, akakimbilia jikoni kulowesha kitambaa, na kwa kuwa mashine haiwezi kukaa bila mlinzi, akapitia maabara na kukirudisha kipimo mahali pake kati ya mayai.

Aliporudi na kitambaa mkononi, alichungulia kioo cha harusi mara moja tu, kwa mazoea.

Mashine ilikuwa na thelathini na tisa na nukta nne.

"Mama yangu wee!"

Akafungua mlango wa friji wote. Akachomoa balbu. Akachukua mfuniko wa sufuria akaanza kupepea mayai kama mtu anayefukuza pepo. Akatazama kipimo: thelathini na tisa na nukta nne. Akapepea kwa mikono miwili. Palepale. Akakumbuka kitambaa. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kilichokuwa kikienda kwa mtoto kikatandikwa juu ya mayai, akakikamua pembeni, akaongeza maji kwenye bakuli, akawaambia mayai, kwa sauti, "Vumilieni." Kioo kikajaa ukungu. Kipimo hakikuguswa na huruma.

"Baba," sauti ndogo ikaita kutoka sebuleni. "Baba, maji."

"Subiri, mwanangu! Mashine ina homa!"

Mke aliacha meza kabla ya wakati. Moyo ulimkataa, akamwachia mama wa uji kivuli chake, akarudi mbio. Alimkuta Kitinda amejifunua shuka, midomo imekauka, kiwiko kinaning'inia nje ya mkeka. Alipomshika ilikuwa kama kushika birika. Akamnywesha, akamfuta, akamnywesha tena, wala hakuita mtu. Mtoto alipotulia, ndipo akasimama, akaenda kwenye mlango wenye boksi, akaingia bila ruhusa ya Meneja.

Mumewe alikuwa jasho tupu, mfuniko wa sufuria mkononi.

"Inakataa kushuka!" alilia. "Nimechomoa balbu, nimepepea, nimetia maji, inakataa! Gusa uone!"

Mke akagusa yai. Lilikuwa la baridi kama yai la dukani. Akatazama kipimo. Akamtazama mumewe. Akakitazama tena kipimo, taratibu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kwa kutoamini ya kwanza.

"Umekikung'uta?"

"Nikikung'ute kwa nini? Ni kipimo, si mkeka."

Mke alikishika kwenye ncha ya juu, akapiga kiganja hewani mara tatu, fyu, fyu, fyu, kwa mkono uliofanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba haukuhitaji kichwa. Akampa. Uzi wa zebaki ulikuwa umeshuka wote, umejikunja chini kabisa, chini ya thelathini na tano.

"Hiki kikipanda hakishuki mpaka kikung'utwe," alisema. "Kinashika joto kubwa kuliko yote kiliyoyaona, kinaling'ang'ania. Hakijui leo ni lini. Kimekaa humo ndani siku zote hizi kinakusimulia habari za siku ya kwanza."

Meneja alitazama mayai. Ule usiku umeme ulipokatika. Zile alfajiri za baridi. Ile balbu ndogo. Yote yakampita kichwani, na katika kila moja alijiona amesimama kifua mbele akisoma, thelathini na saba na nukta nane.

"Sikujua kama kinakung'utwa," alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Najua hukujua." Mke hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Watoto watatu. Surua, meno, vifua, matumbo. Kila homa iliyoingia nyumba hii nimeikung'utia kipimo hiki. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

"Usiku?"

Mke akachukua balbu kubwa kabatini, akaifunga. Akazima taa, akamulika mayai moja moja kwa tochi. "Limekufa," alisema. "Limekufa. Hili limekufa zamani." Kisha akanyamaza juu ya moja, akalisogeza kwenye mwanga. "Hili linacheza." Aliyoyaona yanacheza akayarudisha ndani, akafunga mlango, akapangusa mikono.

"Kesho waambie wageni wasije."

Lakini wageni wa aibu hawajawahi kuahirishwa.

*

Walikuja wote, na ambao hawakualikwa wakaja zaidi. Meneja alifunga tai. Viti havikutosha, watu wakasimama mpaka ukumbini, na kila mmoja akapokezana kuinama kwenye kioo cha harusi kutazama mayai yaliyonyamaza kama mahabusu wenye wakili mzuri.

"Yamelala?" aliuliza mmoja.

"Labda yanasubiri ruhusa," akasema Kuli Mkuu, akisoma boksi la mlangoni kwa kidole. "Hapa si wameandika? Hatoki mtu, haingii mtu, bila ruhusa ya Meneja."

Nyumba ilicheka mpaka kitanda kikayumba ukutani. Meneja naye alicheka, kicheko cha mtu anayelipia cha wenzake. Alimtazama mkewe. Alisubiri aseme. Ilikuwa haki yake. Angepiga kiganja chake hewani mara tatu tu, mtaa mzima ungekuwa na simulizi mpaka Kitinda aolewe. Mke alikuwa amempakata mtoto, anamfuta shingo. Akainua macho, akamwambia Kuli Mkuu, "Mayai ni kama watu. Mengine huchelewa."

Meneja angependelea kuzomewa.

Fundi aliondoka wa mwisho. Alichomoa kitu kwapani, akakikunjua. Aproni. Ilikuwa na mifuko miwili.

"Nilishona mapema," alisema, karibu kwa kuomba radhi. "Sikuwa na kazi nyingine."

*

Kesho yake Meneja alifika langoni kabla ya king'ora cha kiwanda. Alikuwa amejiambia kwamba atainama, ataangalia kikaango tu, na watu hawatamtambua. Mtu hujidanganya mengi njiani. Kofia hazikuvuliwa, lakini foleni ilikuwa ndefu kuliko mke alivyowahi kuiona, kwa kuwa hakuna mfanyakazi aliyekuwa tayari kukosa. Kuku wa uani walikuwa wameanza kutaga tena, na mayai machache ya wiki ile, aliyoachiwa na mkewe, aliyakaanga kwa zamu: la kwanza likaungua, la pili likabaki bichi, la tatu likaanguka.

"Meneja!" aliita Kuli Mkuu kutoka mbele. "Chai hii ina nyuzijoto ngapi?"

"Tia kidole," akajibu Meneja bila kuinua uso, "ukiungua, zinatosha."

Wakacheka tena, lakini mara hii kicheko kilimpitia pembeni. Mama wa uji alisogeza benchi lake nyuma hatua moja, kimyakimya, foleni ipate nafasi. Meneja alipasua yai jingine. Alitazama ute ukigeuka mweupe na akagundua, kwa mshangao, kwamba tangu asubuhi hakuwaza friji hata mara moja. Alikuwa akiwaza jinsi mtoto alivyokohoa alfajiri.

Ndipo fundi akatokea anakimbia, futi ikimpepea shingoni.

"Meneja! Yameangua! Matano nimeyaona kwa macho yangu, na jingine linadonoa! Shemeji amenituma... hapana, sikutumwa, nimekuja mwenyewe! Una vifaranga, bwana!"

Foleni ikalipuka. Mtu akapiga sahani. Kuli Mkuu, bila kufikiri, akavua kofia.

"Na mtoto?" aliuliza Meneja.

"Mtoto gani?"

"Kitinda. Amepimwa leo? Joto limeshuka?"

Fundi alipepesa macho. "Ndugu yangu, mimi nimekuja na habari za vifaranga."

Meneja alivua aproni, akaizungusha kwenye shingo pana ya Kuli Mkuu, akamtia kikaango mkononi.

"Likikauka pembeni, geuza."

"Mimi, mzee?"

"Wewe. Na usiunguze, hayo ni mayai ya mke wangu." Akaondoka. Hakuzunguka kwa nyuma kwenye mfereji. Alipita katikati ya lango, mbele ya watu wote.

Nyumbani vifaranga vilikuwa vinalia ndani ya maabara, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia. Hakugeuza shingo. Alikwenda moja kwa moja mkekani. Mke alimwona jasho linavyomtiririka, akamwona alivyosimama, akanyoosha mkono, akampa kipimo.

Kilisoma joto la jana. Meneja alikishika ncha ya juu kama alivyoona kikishikwa, akapiga kiganja hewani. Fyu. Akatazama: hakijashuka. Fyu, fyu. Kikashuka. Alikipasha moto kidogo kiganjani kwanza, kisha akakitia kwapani mwa mtoto, akakaa chini, akasubiri kama mtu anayengoja hukumu.

Thelathini na saba na nukta mbili. Hakuamini. Alikuwa amekosea mara moja, asingekosea mara ya pili. Akakikung'uta tena, akamshika binti yake kwa mikono miwili, taratibu, na kuanza kumlaza upande wa pili ili apime kwapa jingine.

Kitinda alifungua jicho moja.

"Baba, usinigeuze," alisema. "Mimi si yai."